Sultani, Mteremko na Maji: Historia ya Kuwafundisha Viongozi wa Mahali Uhusiano kati ya Ardhi na Maji

Mji wa Bunia umejengwa karibu na mahali ambapo maji ya Afrika huagana. Mvua inyeshayo upande wa mashariki, kwenye ukingo wa Milima ya Bluu, huporomoka hadi Ziwa Albert na kushika njia ya Nili kuelekea Bahari ya Mediterania. Mvua inyeshayo upande wa magharibi huingia katika Mto Shari, Shari huingia katika Ituri, na Ituri, ambayo huko mbele huitwa Aruwimi, huumimina mzigo wake katika Mto Kongo. Mtu atembeaye kwa miguu siku moja tu aweza kutoka katika milki ya mto mmoja na kuingia katika milki ya mwingine bila kuona alama yoyote njiani.

Anayeamua hali ya maji hayo si waziri aliyeko Kinshasa. Kama shamba litalimwa hadi ukingoni mwa kijito, kama kichaka kilicho juu ya chemchemi kitafyekwa kwa ajili ya makaa, kama udongo wa matofali utachimbwa bondeni, au kama choo kitachimbwa juu au chini ya kisima, hayo yote huamuliwa na sultani, na mkuu wa kundi la vijiji, na kapita, na zaidi ya wote hao, na wazee wa koo. Makala haya yanachunguza namna ambavyo viongozi wa ngazi hiyo walifundishwa, au walidhaniwa kufundishwa, kwamba matumizi ya ardhi ndiyo yanayotengeneza au kuharibu maji. Historia hiyo inaanzia Ituri, lakini sura yake iliyochunguzwa kwa kirefu zaidi iko Uluguru, nchini Tanzania. Kwa hiyo msomaji atapelekwa huko kabla ya kurudishwa nyumbani.

Sheria zilizotangulia mafundisho

Katika Kongo ya Wabelgiji sheria ya maji ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Amri ya tarehe 1 Julai 1914, iliyotolewa mwezi mmoja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza, ilihusu uchafuzi wa chemchemi, maziwa na mito. Amri nyingine, nambari 52/443 ya tarehe 21 Desemba 1952, ilipanua jambo hilo: ilitaka chemchemi, maji yaliyo chini ya ardhi, maziwa na mito vilindwe, maji yasichafuliwe wala yasifujwe, na haki za kuyatumia zisimamiwe. Mwenye kuzisoma amri hizo mbili leo hakosi kushangaa jinsi zilivyoona mbali. Lakini ziliandikwa kwa Kifaransa, zikawekwa katika magazeti rasmi ya serikali, na kusomwa na maofisa waliokwisha kujua yaliyomo.

Wakati huohuo, katika nchi ileile, kazi iliyobadilisha mito kuliko zote ilikuwa ikiendeshwa kwa idhini ya Leta mwenyewe. Dhahabu iligunduliwa karibu na Kilo mwaka 1903. Uchimbaji ulianza muda mfupi baadaye, na mwaka 1926 machimbo ya Kilo na ya Moto yakawekwa chini ya kampuni moja, ambayo mwaka 1966 iligeuzwa kuwa shirika la serikali la OKIMO. Dhahabu ya mchangani haichimbwi bila maji. Mto hukatiwa mfereji, mkondo huhamishwa, changarawe huoshwa, na tope lote hurudishwa mtoni. Sultani aliyewapeleka vijana wake machimboni aliyaona hayo kwa macho yake. Ni vigumu kudhani kwamba mtu huyo, akiambiwa na afisa kuwa mkulima asilime kando ya kijito kwa sababu atachafua maji, angeipokea nasaha hiyo bila kutabasamu kimoyomoyo.

Kuna jambo la msamiati ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Dikrii ya tarehe 5 Desemba 1933 kuhusu tawala za wenyeji iliruhusu watu walazimishwe kulima mazao fulani kwa siku 60 kwa mwaka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, siku hizo zikaongezwa kufikia 120. Kwa Kifaransa kazi hizo hazikuitwa za shuruti. Ziliitwa kazi za kuelimisha. Nyanda za juu za mashariki zilipoanza kufundishwa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, hasa Kivu katika miaka ya 1950, mafundisho hayo yaliingia kwa mlango uleule: agronomu alipima mteremko, sultani akatoa amri, kapita akahesabu watu, na asiyetokea akatozwa faini au akafungwa. Neno elimu likashikana na neno jembe la lazima. Si ajabu kwamba baada ya uhuru mwaka 1960 mitaro mingi iliachwa ikajaa udongo, kwani kwa wakulima ilikuwa sehemu ya utawala uliokwisha kuondoka.

Haimaanishi kwamba wataalamu wa siku hizo walikosea kuhusu udongo wenyewe. Shirika la utafiti wa kilimo la INEAC, lililoundwa mwaka 1933, lilikuwa na kituo Nioka, katika wilaya ya Mahagi, na huko malisho na udongo wa nyanda za juu za Ituri vilichunguzwa kwa makini. Nadharia ya jambo hili, kwa kweli, ni nyepesi. Tone la mvua likianguka juu ya majani hupoteza nguvu. Likianguka juu ya udongo mtupu huupasua, na chembe zake huziba matundu ya ardhi. Maji yanayokosa pa kupenya hukimbia juu, yakibeba udongo, mavi ya ng'ombe na uchafu wa vyoo. Kijito kinafurika leo na kesho kinakauka, kwa maana maji ambayo yangalishuka polepole chini ya ardhi hadi kwenye chemchemi yamekwisha kwenda zake. Tena tope si uchafu wa macho tu: vijidudu hujificha ndani ya chembe zake, na dawa ya klorini hupungukiwa na nguvu katika maji yenye tope. Mambo haya mzee yeyote wa Walendu au wa Wahema angeweza kuyafuata kwa nusu saa, akionyeshwa makorongo mawili, moja lenye kichaka na jingine lililofyekwa. Lakini amri hupita haraka kuliko maelezo, na Leta alikuwa na haraka.

Uluguru, 1950 hadi 1955

Milima ya Uluguru, iliyo juu ya mji wa Morogoro, ndiyo chanzo cha Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Wajerumani waliitenga misitu ya vilele vyake mwaka 1909. Waingereza waliokuja baada yao walitazama miteremko iliyo chini ya misitu hiyo, wakaona mashamba ya Waluguru yakipanda juu, moto ukichomwa kila kiangazi, na mito ikishuka na rangi ya udongo. Kutokana na hayo ulizaliwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, ulioanza kutekelezwa mwaka 1950. Haukuwa peke yake. Usambara, bonde la Mlalo lilikuwa limewekewa mpango wake mwaka 1946. Kenya, wanawake wa Murang'a waligoma kuchimba matuta mwaka 1948. Lakini Uluguru ndiko ambako jambo la kuwafundisha viongozi wa mahali linaonekana wazi, pamoja na kosa lake.

Mpango ulitaka wakulima wajenge matuta ya ngazi kwenye miteremko, waache kuchoma moto, na waache kulima mahali palipo pakali mno au karibu mno na mito. Chombo cha kuyatekeleza hayo kilikuwa Serikali ya Wenyeji. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa watawala wa wenyeji uwezo wa kutoa amri kuhusu moto, miti na mmomonyoko. Kwa hiyo waliotangulia kufundishwa walikuwa Sultani Sabu bin Sabu na watawala wadogo waliokuwa chini yake, walioitwa wandewa. Msomaji wa Bunia atatambua cheo hicho cha sultani. Neno lilelile, lililosafiri kwa misafara ileile ya karne ya 19, lilitumiwa na serikali mbili za kikoloni kumtaja mtu wa namna ileile: kiongozi ambaye serikali inamtambua, inampa mshahara, na inamtegemea ayaseme mambo yake kana kwamba ni yake mwenyewe.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Miongoni mwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama, na mwenye kugawa shamba ni mkuu wa ukoo. Sultani hakuwa na shamba la kumpa mtu wala la kumnyima. Roland Young na Henry Fosbrooke, waliouchunguza mgogoro huu katika kitabu walichokitoa mwaka 1960, waliliona jambo hilo kwa ufasaha: serikali ilikuwa imemfundisha mtu asiye na ardhi, ikawapita wenye ardhi. Wandewa walijua amri. Hawakuwa na neno la kumwambia mjomba wa ukoo aliyeuliza kwa nini. Na swali hilo la kwa nini lilikuwa na uzito, kwa sababu matuta yenyewe mahali pengi hayakufaa. Udongo wa Uluguru ni mwembamba. Kukata ngazi mlimani kulifukia udongo wa juu wenye rutuba na kufunua ule wa chini usio na kitu, nayo mahindi yakadumaa. Mwanamke aliyechimba kutwa akavuna haba hakuhitaji mtaalamu amweleze kilichotokea.

Ni haki kutaja kwamba hali haikuwa moja kila mahali. Mgeta, upande wa magharibi wa milima, ambako wakulima walikuwa wakipeleka mboga sokoni na kumwagilia maji bustani zao, matuta yaliwalipa waliyoyachimba, nao wakayashika. Mteremko ulikuwa mkali kama kwingine. Lililobadilika ni faida.

Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, upande wa mashariki, wakapinga matuta mbele ya maofisa na mbele ya sultani wao. Ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Serikali ililaumu chama cha TANU, ambacho kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kwa kuwa kiliundwa Julai 1954. Na ni kweli kwamba wanachama wake walikuwemo katika harakati hizo. Hata hivyo Pamela Maack, aliyelichunguza tukio hilo tena katika miaka ya 1990, ameonyesha kuwa upinzani ulichipuka mlimani kwenyewe, kutokana na watu waliohisi kuwa ardhi ya koo zao inanyang'anywa kwa kisingizio cha udongo. Mpango ukaachwa mwaka uleule. Miaka michache baadaye, mwaka 1963, vyeo vya masultani na machifu vilifutwa Tanganyika nzima, na ile njia iliyotumiwa kufikisha mafundisho ikafutika pamoja navyo.

Pembeni ya hayo kuna jambo la kuongeza kutoka Usambara. Wasambaa walikuwa na maneno yao ya kulipima jambo hili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala mwema huiponya nchi, mvua ikanyesha kwa kiasi. Mtawala mbaya huiharibu. Steven Feierman ameeleza, katika kitabu chake cha mwaka 1990, jinsi wakulima walivyoutumia msamiati huo kuuhukumu mpango wa serikali wa kuhifadhi udongo, wakaona kwamba ulikuwa ukiiharibu nchi. Kwa maneno mengine, walimu walifika mahali ambapo somo lilikuwa linafundishwa tangu zamani, wala hawakuuliza linaitwaje.

Baada ya matuta

Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya kiasi cha milimita 100 ilianguka Mgeta kwa muda usiofika saa tatu. Zaidi ya maporomoko 1,000 ya ardhi yalitokea. Paul Temple na Anders Rapp, waliokuwa katika utafiti wa pamoja wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, waliyahesabu na kuyapima, wakakuta kwamba karibu yote yalitokea kwenye mashamba na kwenye nyasi, na machache mno yalianzia msituni. Kwa hiyo wale maofisa wa mwaka 1950 walikuwa wameiona hatari ya kweli. Jambo hili lafaa lisemwe waziwazi, maana imekuwa desturi ya wanahistoria kuushangilia ushindi wa Matombo na kuusahau mteremko. Watu wa Uluguru walikuwa na haki ya kuikataa shuruti, na mlima nao uliendelea kuteremka.

Kujifunza upya kulichukua muda mrefu. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzisha mradi wa kuendeleza kilimo katika milima hiyo, kikifanya kazi na vikundi vya wakulima badala ya kupitia amri. Mwaka 2002 ilianzishwa ofisi ya maji ya bonde la Wami na Ruvu, ambayo mipaka yake imefuata mto badala ya wilaya. Na tangu mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu jambo ambalo halikuwahi kufikiriwa mwaka 1950: wanaokunywa maji mjini wawalipe wanaolima chanzoni. Shirika la maji la Dar es Salaam lililipa fedha, wakulima wa bonde la Kibungo wakapanda miti na kuchimba makinga maji, na halmashauri za vijiji zikaketi mezani kama upande mmoja wa mapatano. Fedha hazikuwa nyingi. Lakini mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa akipokea amri sasa alitakiwa aelewe hesabu: tope kiasi gani linapungua, dawa ya kusafishia maji kiasi gani inaokolewa, na sehemu gani ya akiba hiyo inarudi mlimani.

Ituri tena

Mwaka 1982 sheria ya Zaire iliwafungulia raia uchimbaji mdogo wa madini, na mabonde ya Djugu na Mambasa yakajaa wachimbaji. Kuanzia mwaka 1999 vita vya Ituri, vilivyochochewa kwa sehemu kubwa na ugomvi wa mashamba katika Walendu Pitsi, viliwahamisha watu maelfu kwa maelfu, na wengi wao wakakimbilia Bunia. Mji ulipanuka kwa kupanda miteremko na kushukia mabondeni, vyoo vikasogea karibu na chemchemi, na kuni zikatafutwa mahali popote palipobaki miti. Kwenye ufuko wa Ziwa Albert kipindupindu kimekuwa mgeni ajaye mara kwa mara.

Sheria hazikukosekana. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaitambua haki ya kupata maji safi katika kifungu cha 48. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu miji, komuni, sekta na usultani imewapa viongozi wa ngazi hizo madaraka yao wenyewe, na Sheria nambari 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu maji imewakabidhi mikoa na serikali hizo ndogo sehemu ya huduma ya maji na ulinzi wa vyanzo vyake. Hivyo basi sultani wa leo si tarishi wa amri tu, kama Sultani Sabu. Kwa mujibu wa sheria yeye ni mwenye dhamana.

Kifungu cha 142 cha katiba hiyohiyo kina agizo ambalo wapenzi wa Kiswahili hawalitaji vya kutosha. Kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu itangazwe. Kiswahili ni moja kati ya nne hizo. Jambo ambalo mwaka 1914 halikuwazwa na mtu, sasa limekuwa wajibu wa dola.

Lakini kutafsiri sheria ya maji si kazi ya kubadilisha maneno tu. Watanzania wamekwisha kutengeneza istilahi kadhaa: bonde la mto, kidakio, msitu wa lindimaji, chanzo cha maji. Baadhi yake zaweza kuingia Bunia bila kuhitaji ukalimani. Neno bonde halileti taabu. Kidakio lina uzuri wake, kwani linamwonyesha msikilizaji kwamba mteremko mzima hudaka mvua kama mikono miwili iliyokingwa. Ila sharti lielezwe, maana katika Kiswahili cha Ituri halijazoeleka. Chanzo cha maji ni pagumu zaidi kuliko panavyoonekana. Kwa mwanakijiji chanzo ni pale maji yanapotokeza, na sheria ikisema chanzo kilindwe atalinda jiwe na bomba, huku akilima hatua kumi juu yake kwa dhamiri safi kabisa. Kumweleza kwamba chanzo ni mlima wote, na kwamba shimo la maji ni mdomo tu, ni somo zima la elimu ya maji, na hilo ndilo somo ambalo Uluguru lilirukwa.

Neno linalotaka tahadhari kuliko yote ni lile la eneo ambalo sheria inaagiza litengwe kuzunguka mahali pa kuchotea maji. Kifaransa hulitaja eneo hilo kwa mzingo wake, na mfasiri mwenye haraka ataandika mpaka wa hifadhi. Katika sehemu nyingine za nchi tafsiri hiyo ingepita bila kutazamwa. Katika Djugu na Irumu, ambako watu wameuana kwa sababu ya mipaka ya mashamba na ya usultani, mzee atakayeambiwa kwamba mpaka mpya utapita juu ya chemchemi ya ukoo wake hatauliza habari ya tope wala ya kipindupindu. Atauliza ni nani aliyeuchora, na upande wa pili ni wa nani. Kwa hiyo wapo wafasiri wanaopendelea kusema uzio wa chemchemi, na wengine pazia la miti. Na wengine husema kivuli cha maji, msemo ambao haumo katika kamusi yoyote, lakini unamwelekeza mtu kwenye miti iliyo juu ya chemchemi kabla hajaanza kufikiria hati ya shamba.